Kulirudisha barabarani gari lililolala: kadi, bima na spana kwa IST ya mtumba

Sentensi ya muuzaji huwa ni moja: "Lilikuwa linatembea freshi tu, limekaa." Gari lililokaa mwaka mmoja au mitatu lina matatizo ya aina mbili. Ya kwanza yako chini ya boneti, fundi atayaona. Ya pili yako kwenye kadi ya usajili, na hayo fundi hayaoni. Wanunuzi wengi huanza na fundi: wanaweka betri mpya, plagi, tairi nne, halafu ndipo wanagundua jina lililo kwenye kadi ni la marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa. Hapo umeshatengeneza gari la watu.

Kwa hiyo mpangilio wa hapa ni kadi, madeni, uhamisho, bima, ndipo spana. Mfano wetu ni Toyota IST, kwa sababu imejaa mitaani na spea zake unazipata kuanzia Gerezani pale Kariakoo hadi mikoani. Mwenye Vitz au Probox ya injini za familia hiyohiyo ya NZ atajikuta nyumbani. Maelezo ya karatasi ni ya Tanzania Bara. Kama namba ya gari inaanza na Z, limesajiliwa Zanzibar, na kulihamishia Bara kuna taratibu na kodi zake. Hilo ulizia kwanza TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujataja bei.

Kadi kabla ya hela

Omba kadi halisi, si picha kwenye simu. Muuzaji anayesema "kadi ipo, nitakuletea" mara nyingi kadi yake iko kwenye droo ya mkopeshaji. Ukiipata mkononi, linganisha vitu vinne na gari lenyewe: namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini na rangi.

Namba ya chasisi ya IST imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na kabini. Fungua boneti, futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Kwa IST ya umbo la kwanza itaanza na NCP60 kama ni ya 1300 cc, NCP61 kama ni ya 1500 cc, au NCP65 kama ni ya 1500 cc inayovuta tairi zote nne. Herufi ziwe na kina kinacholingana. Ukiona bati limesuguliwa, limechomelewa pembeni, au rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani yake, funga boneti na uage kwa adabu.

Namba ya injini kutofautiana na kadi si lazima iwe wizi. Watu hubadilisha injini za mtumba kila siku na hawaendi kuandikisha. Lakini mabadiliko ya injini, kama ya rangi, yanatakiwa yaingie kwenye rekodi za TRA baada ya gari kukaguliwa. Mwachie muuzaji alimalize hilo yeye, kwa jina lake, kabla hujamlipa. Akikuambia ni jambo dogo, basi halitamsumbua kulifanya.

Sasa jina. Likiwa la muuzaji mwenyewe na linalingana na kitambulisho chake cha NIDA, shukuru. Likiwa la mtu mwingine aliyemuuzia yeye, unahitaji huyo mtu wa kwenye kadi asaini, au mikataba ya mauziano iliyokamilika ya kila aliyelishika gari katikati. Mlolongo wa watu watatu ambao mmoja wao hapokei simu ni sababu tosha ya kuacha. Likiwa la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa barua ya mahakama. Mjane au kaka mkubwa bila barua hiyo hana anachoweza kukuhamishia, hata familia nzima ikikubaliana mbele yako. Jina la benki likionekana pamoja na la mtu, gari lilichukuliwa kwa mkopo, na benki inatakiwa ijitoe kwa maandishi.

Kadi iliyopotea kweli inatafutwa na mwenye jina: ripoti ya upotevu polisi, kisha TRA kwa kadi mpya. Hiyo nayo ni kazi ya muuzaji.

Madeni yanayofuata namba

Faini za barabarani zimeandikwa kwa namba ya gari. Ingia kwenye mfumo wa polisi, tms.tpf.go.tz, weka namba ya usajili, utaona kama kuna faini ambazo hazijalipwa. Faini ya kawaida ni 30,000 kwa kosa, na ikichelewa inaongezeka. Fanya hivyohivyo kwa ushuru wa maegesho wa TARURA; gari lililokuwa linaegeshwa katikati ya mji linaweza kuwa na vitu vidogovidogo vilivyorundikana. Kata jumla hiyo kwenye bei, ulipe mwenyewe kwa namba ya malipo, kisha angalia tena hadi isome sifuri. Ahadi ya muuzaji kwamba atalipa wiki ijayo usiiweke kwenye hesabu.

Kuna deni moja ambalo watu bado wanalihofia bure: rodi laisensi. Ile ada ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na badala yake tozo ya mafuta ikapandishwa. Kwa hiyo gari lililolala tangu 2021 halidaiwi rodi laisensi ya miaka hiyo, na dalali anayekuambia ametumia laki kadhaa "kusafisha rodi laisensi" anataka kukuuzia hewa.

Uhamisho

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, wenye majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya usajili, namba ya chasisi, bei na tarehe. Wote wawili muwe na TIN (namba ya mlipakodi). Mnapeleka maombi ya kuhamisha umiliki TRA pamoja na kadi halisi, mkataba, nakala za vitambulisho na picha ndogo za pasipoti.

Malipo yana sehemu tatu: ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari, ada ya uhamisho 50,000 kwa gari, na kadi mpya 10,000. Gari la milioni 8 linakupa 80,000 + 50,000 + 10,000, jumla 140,000. Hakikisha viwango siku unayokwenda, kwa sababu bajeti ya kila Julai inaweza kuvigusa. Ule ujanja wa kuandika milioni 2 kwenye mkataba ili stempu ishuke haufai: TRA wanaweza kukadiria thamani wenyewe, na siku mkigombana na muuzaji mahakamani, mkataba utasema ulimpa milioni 2.

Lipia kwa namba ya malipo tu, benki au kwa simu. Risiti yake ndiyo utakayoishika mpaka kadi itoke.

Bima kabla ya mita ya kwanza

Hapa ndipo watu wanapokosea kwa kujiona hawajaingia barabarani. "Ninalipeleka tu gereji, ni hapo Tabata." Hapo Tabata ni barabara ya umma. Bila bima gari lako halitakiwi kuwepo hapo, na ukimgonga bodaboda siku hiyo utalipa kutoka mfukoni. Gari lisilo na bima litengenezwe lilipo au libebwe juu ya gari la kubebea magari. Kulivuta kwa kamba hakukuepushi na chochote, na breki zake hujui zikoje.

Bima ndogo (inayolipia hasara ya mtu mwingine tu) kwa gari binafsi kiwango chake cha kawaida ni 100,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 118,000 kwa mwaka. Ikatwe kwa jina lililoko kwenye kadi mpya. Ukishalipa, usiridhike na karatasi: ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama stika yako inasoma, kampuni ni ileile, na tarehe ni sahihi. Stika ya wakala wa chini ya mti ambayo haisomi kwenye mfumo ni karatasi ya rangi. Bima kubwa, ile inayolipia na gari lako, ngoja kidogo. Kampuni itataka kulikagua gari, na ni vizuri wakalikague likiwa limesimama vizuri.

Usiliwashe kwanza

Sasa spana. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuja na betri ya jirani na nyaya za kubusti, kisha kupiga starta hadi kitu kitokee. Injini iliyolala muda mrefu oili yake yote imeteremka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Ringi za pistoni zimekaa kwenye ukuta mkavu wa silinda, pengine na kutu nyepesi, hasa gari likiwa karibu na bahari kama Kigamboni au Tanga. Mizunguko ya mwanzo kwa nguvu za starta inakwangua.

Anza na panya. Fungua boksi la filta ya hewa, fungua na filta ya kabini nyuma ya droo ya dashibodi. Ukikuta pamba, maganda ya karanga au mkojo, fuata nyaya za injini kwa mkono, sentimita kwa sentimita, hasa za injekta na zile zinazopita nyuma ya injini. Waya uliotafunwa nusu utawasha gari leo na kulizima kesho kutwa kwenye tuta.

Betri iliyokaa miaka miwili bila chaji usiihangaikie. Ikiwa bado ina maisha, ipeleke kwenye chaji ya taratibu usiku mzima, iache saa kadhaa, kisha pima: 12.6 volti imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, chini ya 12 imechoka. Ikisoma karibu 10.5 seli moja imekufa.

Petroli. Likiwa limekaa chini ya miezi sita, ongeza mafuta mapya uendelee. Likiwa limepita mwaka, toa yote. Petroli iliyozeeka huwa na rangi ya chai na harufu kali inayofanana na vanishi, na masalia yake hunata kwenye chujio la pampu na kwenye matundu ya injekta. Kwenye IST nyanyua kiti cha nyuma, utaona kifuniko. Chini yake kuna pampu. Toa waya wa hasi wa betri, fanya kazi hiyo uwanjani na si ndani ya gereji iliyofungwa, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, simu na sigara viwe mbali. Fungua bomba la mafuta taratibu ukiwa umelifunga kitambaa, maana presha inaweza kuwa imebaki. Ukitoa pampu, angalia chujio lake la chini: likiwa jeusi na gumu, badilisha. Vuta mafuta ya zamani kwa mpira kupitia tundu hilohilo, futa tope la chini, rudisha, weka lita 10 mpya. Raba ya pampu iliyovimba isirudishwe, itavujisha mvuke na kabini yote itanuka.

Kisha oili. Boliti ya kumwagia ni spana ya 14. Injini hizi za NZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Galoni la lita 4 linatosha na linabaki. Tumia 5W-30 au 10W-30. Iangalie inayotoka: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na safari yako imekuwa ya gasketi ya silinda hedi. Simama upige hesabu upya hapo hapo.

Toa koili nne na plagi nne. Mimina kijiko kidogo cha oili safi, kama mililita 5, kwenye kila tundu la plagi. Acha saa kadhaa au ilale hadi asubuhi. Halafu weka gia N, shika puli ya injini kwa spana ya boksi, zungusha kwa mkono kuelekea mshale wa saa, mizunguko miwili kamili. Inatakiwa iwe nzito kidogo lakini laini. Ikigoma kabisa, usiweke bomba refu kwenye spana. Ongeza oili, subiri siku moja, jaribu tena. Faida moja ya NZ ni kwamba ina cheni, haina mkanda wa taimingi wa kukatikia njiani. Ule mkanda wa nje unaozungusha alteneta na pampu ya maji ubadilishe ukiwa na nyufa.

Plagi zikiwa bado nje, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI ili injini isipate mafuta wala moto. Funika matundu kwa kitambaa, oili itaruka. Piga starta sekunde tano, pumzika, rudia mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izime. Hapo oili imefika juu. Rudisha plagi (mpya ni bora, zikaze kwa kiasi, kama Nm 18 kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, maana nyuzi za hedi ni alumini), koili, na fyuzi.

Kwenye radieta weka kulanti, si maji ya bomba. Bonyeza mipira ya radieta: ikilia kama biskuti, badilisha.

Geuza ufunguo hadi taa ziwake, subiri kidogo. Kisha washa. Moshi mweupe wenye ubluu dakika mbili za mwanzo ni ile oili uliyomimina. Ukiendelea baada ya dakika kumi, ni habari nyingine. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini. Pima betri injini ikiwa inaunguruma: 13.8 hadi 14.5 volti, alteneta ni nzima. Iache ipate moto mpaka feni ya radieta iwake yenyewe na kuzima. Feni isipowaka, joto litakumaliza kwenye foleni ya kwanza.

Breki ndizo zinazokaa vibaya zaidi

Injini ya NZ husamehe mengi. Breki hazisamehi. IST nyingi zina diski mbele na drami nyuma, na gari likiwa liliachwa na hendibreki juu, shuu za nyuma zitakuwa zimeganda kwenye drami. Utajua hivi: unaachia hendibreki, unaweka gia, gari linainuka mgongo kidogo lakini haliondoki. Usikanyage mafuta. Bendi ya shuu itabanduka kwenye chuma chake na kubaki ndani ikizunguka.

Piga jeki, weka stendi chini, toa tairi. Drami ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza boliti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Itajisukuma nje. Ikigoma, gonga kwa nyundo kuizunguka, si ukingoni. Ndani angalia silinda ndogo ya juu: nyanyua mpira wake wa kuzuia vumbi kwa kucha. Ukiona unyevu, imevuja, na shuu zilizolowa fluidi hazisafishwi, zinatupwa. Badilisha pande zote mbili pamoja, vinginevyo gari litavuta upande mmoja.

Mbele, kutu ya juujuu kwenye diski huondoka kwa kilomita chache. Yenye mashimo haiondoki. Rudisha pistoni ya kalipa ndani kwa klampu. Ikikataa, imeshika kutu. Pini za kalipa zisafishwe na zipakwe grisi ya breki, si grisi ya bearingi, hiyo huvimbisha raba.

Fluidi ya breki badilisha yote, hata ikionekana safi. Hunyonya maji kutoka hewani: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, iliyokwisha kunyonya maji huweza kuchemka karibu na 140, na hapo pedali huzama ukiwa unashuka mlima Kitonga. Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali na mastasilinda, pampu kuu ya breki.

Tairi soma tarehe yake ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za DOT, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye bonde zuri lakini limekaa miaka kwenye jua bila upepo limebonyea sehemu moja na limepasuka ubavuni; usilipeleke Chalinze. Nati za rimu zikazwe Nm 103, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50.

Siku ya kwanza

Beba kadi au risiti ya uhamisho, leseni ambayo haijaisha, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto ambao sindano yake iko kwenye kijani. Mtungi uliokuwa ndani ya gari lililolala karibu kila mara umeisha. Jaribu taa zote, na usisahau ya namba ya nyuma na ya breki. Soketi za taa hizi hushika ukijani wa kutu na trafiki huziona kabla yako. Mikanda yote ya viti ivutwe hadi mwisho na irudi yenyewe.

Tembea kilomita tano kwenye barabara tulivu. Simama bila kubana breki sana, shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Zote ziwe na uvuguvugu unaofanana. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki ya hapo haiachii, rudi ukaifungue. Angalia chini kama kuna tone. Ukimaliza, lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa trafiki na bima yako mkononi. Ukaguzi huo unakuonyesha kasoro ambazo askari wa barabarani angekuandikia.

Oili mpya uliyoweka iondoe mapema, kwenye kilomita 500, pamoja na filta, kwa sababu imebeba uchafu wote wa miaka ya kulala. Kulanti iangalie kila asubuhi wiki mbili za mwanzo, injini ikiwa ya baridi. Ikipungua bila kuonekana inapovujia, angalia pampu ya maji kwanza: sili yake ikikauka huacha mstari mwekundu uliokauka chini ya puli.